Mpini wa Pweza

Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini ukimwita kwalo barabarani angepita bila kugeuza shingo. Mtaa mzima, kuanzia muuza mkaa mpaka fundi wa meno ya bandia, walimwita Pweza. Na si kwa sababu ya sura, ingawa kuna mlevi mmoja aliwahi kusema hata sura inachangia, akala kofi moja lililomtoa ulevini likampeleka moja kwa moja kwenye toba. Ni kwa sababu ya mikono. Pweza alikuwa mhudumu wa baa, na chupa za bia alizibeba kwa kuzibana shingo katikati ya vidole: nne mkono huu, nne mkono ule. Nane, kama mikono ya pweza. Akiwa na haraka aliongeza mbili kwapani, na hizo za kwapani wateja walizigombania kwa sababu ambazo watu wazima tunazijua.

Utauliza, sinia zimeisha duniani? Hazijaisha. Lakini ile baa ilikuwa uchochoro tu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mrefu, mwembamba, umeinama kama mtu anayetafuta ufunguo. Mabenchi yamegusana magoti, na katikati unapita mfereji wa maji machafu uliofunikwa kwa ubao unaocheza. Mwenye sinia alikuwa akifika mwisho na nusu ya mzigo; nusu nyingine imeteleza, au imechukuliwa na mikono isiyo na mwenyewe. Kreti la plastiki nalo ni zito na pana, halipiti kati ya magoti. Kwa hiyo waliajiriwa wasichana wazuri, wenye tabasamu na meno yote, wakashindwa, wakaondoka wanalia. Pweza akabaki. Yeye tabasamu hakuwa nalo, na meno alikuwa akiyatumia kufungulia chupa.

Na alikuwa anajua thamani yake, tena anajua kupita kiasi. Kila msichana mpya akija, Pweza alimshika mkono wa kulia kama anamsalimia, akaugeuza, akautazama.

"Hivi ni vidole au njiti za kiberiti?"

"Ni vidole, dada."

"Utawasha navyo nini? Haya, beba chupa mbili tupu nikuone. Mbili tu. Usilie, hatujaanza."

Huyo wa mwisho kuambiwa hivyo jina likamganda: Njiti. Binti mpole, anayeomba radhi hata kwa kiti akikigonga. Pweza alimpa sehemu ya karibu na choo, akamwambia wateja wa pale wana bahati, maana wakimwona hawachelewi kwenda haja. Baa nzima ikacheka. Njiti naye akacheka, maana angefanya nini.

Sasa, Mungu hana haraka. Alianza na kidole kidogo cha mkono wa kulia. Asubuhi moja Pweza aliamka akakikuta kimejikunja, hakitaki kufunguka, ikabidi akifungue kwa mkono wa kushoto kama anavyofungua kisu cha kukunja. Akasema ni baridi. Miaka yote ile ya kutumbukiza mikono kwenye maji ya barafu kutoa chupa, baridi si inaingia? Inaingia, lakini haikutoka. Baadaye kidole cha jirani nacho kikajikunja, kama mdogo mtu anavyomfuata kaka yake kwenye ulevi. Pweza akawa anabeba nne kushoto na mbili kulia, huku akitembea kwa madaha zaidi ili watu watazame kiuno wasitazame vidole.

Walitazama vidole.

Ilikuwa alasiri ya mwisho wa wiki, baa imejaa hadi mlangoni. Kulikuwa na karani mmoja mstaafu wa mahakama, mtu mwenye kiti chake na kicheko chake, ambaye akishalewa huongea kama anasoma hukumu. Akagonga meza.

"Pweza! Kuna mashahidi hapa hawaamini. Wanasema nane ni hadithi. Tuonyeshe!"

"Leo kuna joto, Karani."

"Kuna joto! Pweza anasema kuna joto, jamani. Ukisikia samaki analalamika maji yamemlowesha ujue kazeeka."

Wakaanza kupiga meza wote: nane, nane, nane. Njiti alikuwa amesimama kaunta na sinia lake, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nikusaidie?" Na labda ingekuwa si Njiti aliyeuliza, Pweza angekubali. Akachukua nane.

Alifika mpaka kwenye ubao wa mfereji. Ubao ukacheza kama unavyocheza siku zote, na vile vidole viwili vikaachia kama vile si vyake, kama vile vimeajiriwa kwingine. Ya kwanza ilianguka ikapasuka, ya pili ikafuata, na yeye kwa kuzikimbilia hizo akaziachia na za mkono mzima. Povu likateremka uchochoroni, likapita chini ya mabenchi, likalowesha viatu vya watu waliokuwa hawajaagiza hata.

Watu wakatazamana, wakipima nani aanze. Akaanza Karani.

"Pweza kakatwa mikono!"

Walicheka mpaka mmoja akateleza kwenye povu, wakamcheka na huyo, kisha wakarudi kwa Pweza. Dereva mmoja wa lori alijikunja vidole akaenda anatembea kiwete katikati ya mabenchi, akiangusha chupa za hewani, mpaka mwenye baa akatoka kwenye kaunta yake ya nondo.

Mwenye baa walimwita Tajiri, kama wafanyakazi wengi wanavyomwita anayewalipa, hata kama kandambili zake zimeshonwa kwa waya. Alikuwa mtu mtaratibu. Hakuwahi kumtukana mtu wala kumfukuza. Katika baa ile hakuna aliyefukuzwa kazi tangu ijengwe, watu walipumzishwa. Mpishi alipumzishwa, mlinzi alipumzishwa, wasichana wengi tu walipumzishwa, na mpaka leo hakuna aliyeonwa akiwa amepumzika.

"Pweza," Tajiri akasema, akichokonoa jino. "Mimi sina neno na wewe. Umenifaa. Lakini ikivunjika nyingine, mama, itabidi upumzike."

Mama. Siku zote alikuwa anamwita dada.

*

Nyumbani kulikuwa na chumba kimoja, baraza moja, cherehani moja na mume mmoja. Watoto walishakua, wakaondoka kila mtu na njia yake, na njia hizo hazikuwa na kurudi. Mume alikuwa fundi wa nguo, na yeye alikuwa na jina lake: Pindo. Alikuwa na ugonjwa wa kuacha nafasi. Ukimpelekea kitambaa cha suruali alikushonea ya mtu mwingine, mkubwa kuliko wewe. Ukilalamika alikuonyesha pindo refu la ndani, akakwambia, "Nimekuachia. Ukinenepa utanishukuru." Watu hawakunenepa. Walihamia nguo za dukani, na Pindo akabaki barazani na futi yake ya kamba shingoni, akiwapima wapita njia kwa macho. Miaka sasa mtu akimwita fundi, ilikuwa ni kuuliza fundi wa viatu kahamia wapi.

Kwa hiyo mkono wa Pweza ndio uliokuwa unapika, unalipa chumba, na unanunua hata uzi wa huyo bwana. Na ulimi wake haukumwacha asahau.

Jioni ile alirusha kiatu kimoja huku na kingine kule, akakaa kitandani.

"Nimeangusha nane."

Pindo hakuuliza nane nini. Kuishi na mtu si mchezo. Akaja, akaangalia ule mkono kwa mbali, kama mtu anayeangalia mbwa wa jirani.

"Nikikutengenezea kibebeo?" akasema. "Cha mbao. Cha chupa sita. Kina mpini juu, unashika kwa kiganja, vidole havibani kitu."

"Nani atengeneze?"

"Mimi."

"Wewe Pindo? Suruali ina miguu miwili tu na imekushinda."

"Mbao haina miguu," akasema Pindo. Na hilo, ukilifikiria, si jibu, lakini alilisema kwa heshima zake akatoka.

Kesho yake Pweza aliporudi toka sokoni alikuta godoro limesimamishwa ukutani. Mumewe alikuwa amechagua chaga mbili, zile mbao za kitandani zinazobeba godoro, akazitoa.

"Umetoa za upande wa nani?"

Pindo akatazama kitanda, akatazama mkewe. "Za katikati."

Zilikuwa za upande wake yeye Pweza. Usiku ule na nyingi zilizofuata kiuno chake kilikuwa kinazama kama mtu aliyelala kwenye beseni, na bwana analala juu, mkavu, kama wali juu ya mchuzi. Lakini alinyamaza. Aliyenyongwa na shida hachagui kamba ya kumwokoa.

Msumeno ulitoka kwa wifi yake, dada wa Pindo, mjane wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye huruma inayouma kama meno.

"Chukueni," wifi akasema. "Ila, kaka yangu, uangalie usijikate vidole. Humu ndani vya mke wako tayari havifai, mkibaki wote wawili hivyo nani atanawisha nani?"

"Wifi, wewe una vyote kumi," Pweza akajibu, "na bado mume alikuponyoka."

"Alikufa, wifi."

"Ndiyo nasema."

Basi kazi ikaanza. Na ungemwona Pindo ungefikiri anashona suti ya arusi. Alichukua chupa tupu ya bia, akaisimamisha juu ya meza ya cherehani kama mteja, akaizungushia futi.

"Shingo," akasema, akaandika kwa chaki mezani. "Mabega. Kifua. Kiuno..." Akainama, akaizungusha chupa huku na huku. "Huyu hana kiuno."

"Nani alikuuliza kiuno?"

"Mteja asiye na kiuno unamkata moja kwa moja kutoka kifuani." Akamtupia mkewe jicho, akaliondoa upesi.

"Umeniangalia?"

"Naangalia ukuta."

Akakata ubao wa kitako, mbavu mbili za pembeni, na vichwa viwili virefu vya mwisho, akavitoboa masikio kwa juu ili mpini upite. Ndani akapanga vipande vya plaiwudi vilivyochanjwa, vikashikana kimoja ndani ya kingine, vikawa vyumba sita. Misumari alinyoosha ya zamani. Pweza alishika mbao kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akaulaza tu juu kama jiwe. Kwa kazi ya jiwe, ule mkono ulifaa.

Kibebeo kikasimama. Kimenyooka, jamani! Wakatia chupa, wakakiinua: kikalia kama punda aliyebeba masufuria. Kila chupa ilikuwa na kidole kizima cha nafasi kila upande.

"Hii nafasi ya nini?" Pweza akauliza.

"Ya kupumua."

"Chupa?"

Pindo akajikuna kwa kitako cha penseli. "Na ikinenepa?" akasema, tena kwa sauti ya mtu anayejua amekwisha.

Alichotukanwa siku ile hakiandikiki. Lakini mtu wa nguo hakosi kitambaa. Akatoa masalia ya mapazia, mekundu yenye maua, akavivika vyumba vyote sita kwa ndani, akavipigia visumari. Kelele zikaisha. Wifi alipopita akachungulia barazani, akasema, "Hee! Bia zimevalishwa. Mimi nilikuomba kitambaa hikihiki ukaniambia kimeisha."

Ulibaki mpini. Hapo ndipo Pindo alipomshangaza. Alichukua kipande cha mpini wa jembe, akakishika mapajani, akakaa kwenye kigoda mbele ya mkewe.

"Lete mkono."

"Wa nini?"

"Lete mkono, mama watoto."

Akaupaka chaki kiganjani kote, mpaka kwenye mikunjo, mpaka ndani ya vile vidole viwili vilivyogoma. "Shika mti." Akashika. "Achia." Pale chaki ilipobaki ndipo mkono ulipogusa, akachukua tupa, akala mti pale taratibu. "Lete mkono." Akapaka tena. Shika, achia. Siku nzima hivyo, na ya pili yake. Kila mara mti ulikuwa unakaa zaidi, unapata mabonde, unapata tundu la kidole kidogo kilichojikunja na kitanda cha mwenzake. Mwishowe Pweza alifumba ngumi na mpini ukaingia mle kama mtoto anavyoingia mgongoni kwa mama yake. Haukuuma popote.

Miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa amemshika mkono kiasi kile. Akatafuta la kusema.

"Umenichafua chaki," akasema.

*

Walimcheka, bila shaka. Aliingia na kibebeo chake uchochoroni na maua mekundu yanachungulia, na Karani akasimama kwenye kiti.

"Waheshimiwa! Bia imevaa chupi!"

"Na yako iko wapi?" Pweza akamjibu. "Jana uliiacha chooni, msafisha choo kaniuliza kama ni dekio."

Kibao kikageuka. Maana kitu chenyewe kilikuwa kinafanya kazi, na kazi haina mshindani. Alipita kati ya magoti na chupa sita mkono wa kulia, nne kushoto, ubao wa mfereji ukacheza weee ukachoka. Pindo alikuwa amepigilia kifungua chupa ubavuni na kikopo chini yake, vizibo vinaanguka humo tik, tik. Pweza hakuhitaji tena hata meno. Kabla jua halijazama alikuwa amehudumia baa nzima na hakuna kilichovunjika zaidi ya moyo wa dereva wa lori, aliyekuwa amewekeana dau na wenzake kwamba mama yule hafiki jioni.

Tajiri alikuwa anamwangalia kutoka nyuma ya nondo zake. Hakuchokonoa jino siku ile.

"Nani katengeneza?"

Sasa hapo mtu mwenye akili angesema nimeokota. Lakini Pweza alikuwa hajasifiwa siku nyingi, na sifa ni kama bia, ya kwanza tu ndiyo unayoikumbuka.

"Mume wangu," akasema. "Kwa mikono yake."

"Yule wa suruali?"

"Mbao haina miguu," Pweza akasema.

Tajiri akacheka. Akamwita Njiti. "Hebu wewe, beba."

Njiti akakibeba. Yeye aliyekuwa hawezi chupa tatu bila kuomba radhi, akabeba sita, akaenda nazo mpaka mwisho wa uchochoro akarudi nazo sita. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyegundua anajua kuogelea. Ila alipokitua alikuwa anapuliza kiganja.

"Mpini unauma, dada. Una mashimo mashimo."

"Mpini wangu huo," Pweza akasema, akaupokea mbele ya watu wote kwa maringo. "Haumkubali kila mtu. Wewe rudi chooni kwako, Njiti."

Baa ikacheka, na Pweza akacheka kuliko wote. Tajiri hakucheka. Alikuwa anautazama mpini.

Asubuhi iliyofuata alikuja nyumbani. Tajiri, mwenyewe, kwa miguu yake, na soda mbili mkononi. Pweza alikuwa anafua, akainuka na povu mikononi akidhani kuna msiba. Tajiri alimpita kwa salamu nusu, akaenda mpaka kwenye cherehani.

"Fundi!" akasema.

Pindo akageuka nyuma kuangalia nani anaitwa. Hakukuwa na mtu. Akasimama. Mkewe alimwona akisimama, mabega yakarudi nyuma kidogokidogo, mpaka lile shati lake, alilojishonea mwenyewe na nafasi zake zote, kwa mara ya kwanza likamtosha.

"Fundi, kile kitu ni akili," Tajiri akasema. "Nataka kumi. Kwa kuanzia. Nina ndugu zangu wawili wana baa, nao wakiona watataka. Hata hizo nguo za ndani weka, wateja wamezipenda. Ila mpini, sikiliza, mpini uwe wa kawaida. Wa mkono mzima. Nitakutumia mmoja wa wasichana wangu wa baa umpime, wote wana saizi ileile."

"Nitampima," Pindo akasema. Alikuwa ameshashika chaki.

"Na mimi?" Pweza akauliza kutoka kwenye beseni.

Tajiri akageuka, akamtazama kwa upole kabisa. Huyu mtu upole alikuwa nao, ndio uliokuwa unatisha.

"Mama, wewe umefanya kazi sana. Nilikuweka kwa sababu nilikuwa sina mwingine anayeweza, nikasema vumilia, Tajiri, mama wa watu. Sasa hata Njiti anaweza. Na wateja, unajua wateja, wakinywa wanataka kuona vidole vilivyonyooka. Wewe sasa pumzika."

"Asante, Tajiri," Pindo akadakia, machozi yanamlenga kwa furaha. "Asante sana! Mimi kila siku namwambia apumzike, hanisikii!"

Waswahili walishasema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa mshona nguo. Pweza, mwanamke aliyemtukana marehemu mbele ya mjane wake, alifungua kinywa, akakikuta kitupu. Povu la sabuni lilikuwa linamteremka kwenye kiwiko. Tajiri akaweka soda juu ya meza ya cherehani, akaondoka akichokonoa jino.

"Umesikia alichosema?" Pweza akauliza alipopata sauti.

"Kumi! Kwa kuanzia!"

"Kuhusu mimi."

"Kasema upumzike."

"Pindo. Kwenye ile baa kupumzika ni kufukuzwa."

Chaki ilikuwa mkononi mwa Pindo. Akaitazama. Akatazama cherehani, na ile chupa tupu iliyokuwa bado imesimama pale kama mteja aliyekuja kusubiri.

"Kumbe," akasema. Kisha, bila kumwangalia, akasema tena: "Sasa, mama watoto. Nikatae?"

Aliyemjua Pweza angejiziba masikio. Lakini alikuwa anafikiria chumba kinalipwa na nini, na sufuria inachemka kwa nini, na akaona ni mkono gani umebaki ndani ya nyumba. Alifikiria pia lile shati lilivyomkaa.

"Kata mbao," akasema, akarudi kufua.

*

Fundi wa nguo akitaka kutoa nguo nyingine kama ileile, hakisii. Anafumua ya kwanza. Anakata nyuzi, anaitandaza vipande vipande juu ya kitambaa kipya, anazungushia chaki. Pindo hakujua njia nyingine. Kwa hiyo asubuhi ile alichukua kibebeo cha mkewe, akang'oa msumari mmoja mmoja, akalaza kitako, mbavu na vichwa juu ya mbao mpya, akachora. Mbao zenyewe zilikuwa chaga zilizobaki. Zote, kitanda kilikuwa kimesimama uani kama mbavu za ng'ombe, na godoro lipo chini. Mpini haukuwa na kazi kwenye mfano. Ulivingirika ukaenda mpaka miguuni mwa Pweza, ukatulia.

"Nishikie hapa," Pindo akasema, na Pweza akashika. Mkono ule wa kulia ulikandamiza ubao vizuri sana. Msumeno ulipita pembeni yake, krr, krr.

Njiti alifika saa za mchana, amevaa viatu vya kufungwa kama mtu anayekwenda hospitali. Wifi alikuwa ameshajiweka mlangoni kwake na kiti, akiigiza anachambua mchele.

Binti akasimama mbele ya baraza. Kazini alikuwa na neno moja la kumwitia yule mama, na neno hilo lilikuwa dada. Hata siku ya njiti za kiberiti alilitumia. Sasa alimwona amepiga magoti kwenye vumbi la mbao, kitambaa kichwani, akaona haya. Akaikunja shingo kwa adabu zote alizofundishwa kwao.

"Shikamoo, mama."

Kwa wifi mchele uliacha kuchambuliwa.

"Marahaba," Pweza akasema. Ilibidi. Salamu ile ikitolewa haina jibu lingine.

"Tajiri amesema nije nipimwe mkono. Na anakusalimia. Kasema unaendeleaje na mapumziko."

"Naendelea."

"Na Karani anakusalimia. Anasema baa imepooza."

"Atakuzoea," Pweza akasema. "Mwambie jina lako. Asipojua jina lako atakupa lake."

Njiti alitaka kucheka, akaona hakuna anayecheka, akaomba radhi.

Pindo hakuwa anasikia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mpini mpya mapajani, penseli sikioni, chaki tayari kati ya vidole. Alikuwa mtu aliyeko kazini, na aliyeko kazini humwoni macho.

"Lete mkono," akasema, bila kuinua kichwa.

Mkono wa Pweza ulitoka wenyewe. Ulikuwa umezoea. Ulitoka juu ya ubao, ukajifungua kadiri unavyoweza, vile vitatu vimenyooka na vile viwili vimejikunja, ukakaa pale mbele yake ukisubiri chaki.

Pindo akaona vidole, akausogeza pembeni kwa kiwiko, taratibu, kama mtu anavyosogeza mkasi uliokaa juu ya kitambaa.

"Siyo huo," akasema. "Huo ushike ubao."